Tableti Imejifunga na Nambari ya Siri Imesahaulika: Mpangilio wa Hatua Ndio Unaookoa

Tableti, au kishikwambi kama wengine wanavyoiita, imekuwa kifaa cha nyumbani. Katika wadi ya Timbwani, kama ilivyo Mtongwe, Shika Adabu, Bofu na Likoni, iko mikononi mwa mtoto anayefanya kazi ya shule, mwenye duka anayeandika hesabu ya madeni, kijana anayetafuta kazi mtandaoni na bibi anayezungumza kwa video na mwanawe aliye Arabuni. Serikali ilianza kupeleka tableti katika shule za msingi za umma mwaka 2016 kupitia Mpango wa Kusoma Kidijitali. Sensa ya Agosti 2019 nayo ilikuwa ya kwanza humu nchini kukusanya takwimu za watu kwa tableti badala ya karatasi.

Pamoja na manufaa hayo, tatizo moja limekuwa la kawaida: mwenye tableti amesahau nambari yake ya siri. Anajaribu mara moja, mara mbili, mara tano. Skrini inamwambia asubiri. Akijaribu tena, inamwambia asubiri zaidi. Hapo wasiwasi humfanya akimbilie hatua ya mwisho kabla ya ile ya kwanza. Tableti inaflashiwa, na pamoja nayo zinapotea picha za marehemu, nakala za vyeti vya watoto na orodha ya wadeni wa duka, vitu ambavyo pengine vingeokolewa kwa kusubiri usiku mmoja tu.

Somo hili linaeleza kwa nini nambari ya siri haiwezi "kutolewa" kirahisi, ni hatua zipi zifuatwe na kwa mpangilio gani, na jinsi mkaazi anavyoweza kujikinga asifike hapo tena.

KWA NINI NAMBARI HUSAHAULIKA

Wengi hawasahau kwa uzembe. Mtu huweka nambari siku anayonunua tableti, kisha kwa miezi mingi huifungua kwa kidole au kwa uso. Siku moja stima inapotea tangu alasiri, chaji inaisha na tableti inazimika. Inapowashwa tena haikubali kidole. Vifaa vya Android na iPad vimeundwa hivyo makusudi: baada ya kuzimwa na kuwashwa, lazima nambari, mchoro au nywila iandikwe kwanza, ndipo kidole kikubaliwe tena. Nambari ambayo haijaandikwa kwa miezi sita haiji akilini mara moja.

Wengine hubadilisha nambari usiku, usingizi ukiwa machoni, na asubuhi hawaikumbuki. Wakati mwingine hakuna aliyesahau: mtoto aliyeijua nambari ya zamani ameibadilisha na anaogopa kusema. Kwa hiyo swali la kwanza huulizwa nyumbani, kwa upole, kabla ya kwenda kwa fundi.

Hapa pana jambo muhimu. Ikiwa nambari imesahaulika lakini tableti bado inakubali kidole au uso, isizimwe na isiachwe ikaishiwa chaji. Ifunguliwe kwa kidole mara hiyo, na picha, nyaraka na nambari za simu zinakiliwe kwenye kifaa kingine au kwenye akaunti ya mtandaoni. Kidole hakitoshi kubadilisha nambari, kwa sababu tableti huomba nambari ya zamani kwanza, lakini kinatosha kuokoa mali iliyomo ndani.

KUFULI NI LIPI HASA?

Watu husema "imejifunga" wakimaanisha mambo manne tofauti. Kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni kufuli la skrini: nambari ya siri, nywila, au mchoro wa kuunganisha nukta. Hili ndilo somo la leo.

La pili ni kufuli la laini ya simu. Tableti yenye laini inaweza kuomba PIN ya laini. Akikosea mara tatu, mtu huombwa nambari ya PUK. Hiyo hutolewa na kampuni ya simu kwa mwenye laini aliyethibitishwa. Haifai kubahatishwa, kwa sababu PUK ikikosewa mara kumi laini hufa kabisa na inabidi ibadilishwe.

La tatu ni kufuli la akaunti. Hili hutokea baada ya tableti kufutwa: inawaka kama mpya, halafu inaomba akaunti ya Google au ya Apple iliyokuwa ikitumika awali.

La nne ni kufuli la mwenye mali: tableti iliyochukuliwa kwa malipo ya polepole, au ile ya shule au ya mwajiri. Huyo aliyeifunga ndiye wa kuifungua. Kujaribu kuipita njia hiyo ni kuvunja mkataba.

KWA NINI FUNDI HAWEZI "KUITOA" NAMBARI

Wengi huichukulia nambari ya siri kama komeo lililopigiliwa mlangoni, ambalo fundi mwenye bisibisi nzuri anaweza kuling'oa na vitu vya ndani vikabaki salama. Sivyo ilivyo katika tableti za sasa. Picha, ujumbe na hesabu huhifadhiwa ndani zikiwa zimevurugwa kwa hesabu maalumu, hata zisiweze kusomwa. Nambari inayoandikwa na mwenye kifaa huunganishwa na siri iliyo ndani ya chipu ya tableti hiyo hiyo, na viwili hivyo kwa pamoja ndivyo vinavyotengeneza ufunguo wa kuzisoma. Nambari ikikosekana, hata chipu ya kumbukumbu ikitolewa na kupachikwa kwenye tableti nyingine, kitakachoonekana ni takataka tu.

Kubahatisha nako hakufai. Nambari ya tarakimu 4 ina michanganyiko 10,000, na ya tarakimu 6 ina michanganyiko 1,000,000. Mchoro wa nukta 9, unaoanzia nukta 4, unaweza kuchorwa kwa namna 389,112. Kompyuta ingeweza kujaribu zote kwa muda mfupi, na ndiyo maana tableti hurefusha muda wa kusubiri kila kosa linapoongezeka. Kwenye iPad, baada ya makosa kadhaa mtu husubirishwa dakika 1, kisha dakika 5, kisha dakika 15, kisha saa 1 na zaidi. Makosa yakifika 10, hakuna nafasi nyingine ya kujaribu.

Kisa kimoja kinachojulikana duniani kote kinaonyesha uzito wa jambo hili. Mnamo Desemba 2015 watu 14 waliuawa katika shambulio huko San Bernardino, jimbo la California, Marekani. Simu ya kazini ya mmoja wa washambuliaji, iPhone 5C, ilikuwa mali ya serikali ya kaunti ya San Bernardino, mwajiri wake. Wapelelezi wa FBI waliikuta imefungwa kwa nambari ya siri na wakahofia kwamba ingejifuta baada ya makosa 10. Februari 2016 mahakama iliamuru kampuni ya Apple isaidie kuifungua, Apple ikapinga. Mwishoni mwa Machi 2016 serikali iliondoa ombi lake, ikisema imepata njia kwa msaada wa watu wengine.

Mambo mawili katika kisa hicho yanamhusu hata mkaazi wa kawaida. La kwanza: kaunti hiyo ilikuwa imelipia programu ya kusimamia vifaa vya wafanyakazi, ambayo ingeweza kuifungua simu hiyo kwa mbali, lakini haikuwa imewekwa kwenye simu yenyewe. La pili: siku za mwanzo, nywila ya akaunti ya simu hiyo ilibadilishwa haraka haraka. Kwa kuwa simu haikuijua nywila mpya, haikuweza tena kujitumia yenyewe nakala ya akiba kwenye mtandao ilioujua. Njia iliyokuwa wazi ikafungwa na mkono wa waliotaka kuingia.

Ikiwa wapelelezi wa taifa kubwa walipata shida kiasi hicho, fundi anayedai atatoa nambari ndani ya saa moja na kurudisha picha zote anafaa kuulizwa maswali.

KABLA YA KUFUTA CHOCHOTE

Hatua ya 1: Kuacha kubahatisha. Tableti iwekwe chini. Mwenyewe achukue karatasi na kuandika nambari zote alizowahi kutumia: mwaka wa kuzaliwa wa mtoto, nambari ya nyumba, tarakimu za mwisho za simu. Kisha ajaribu chache zenye uwezekano mkubwa, akisubiri muda wote unaotajwa na skrini. Kama ni nywila ya herufi, aangalie kwanza kama kibodi imekaa kwenye herufi kubwa. Vidole vina kumbukumbu yake. Wakati mwingine mtu akishika tableti anavyoishika kila siku, bila kufikiri sana, mkono huandika wenyewe.

Kwa mwenye iPad yenye mfumo wa iPadOS 17 au wa baadaye iliyobadilishwa nambari hivi karibuni kuna nafuu: ndani ya saa 72 tangu mabadiliko, skrini ya kufuli humruhusu kutumia nambari ya zamani na kuweka nyingine.

Hatua ya 2: Kuiacha kwenye chaji na mtandao wake usiku mmoja. Tableti nyingi hutuma nakala ya akiba mtandaoni zenyewe zikiwa zimefungwa, zimechomekwa kwenye umeme na ziko kwenye Wi-Fi zinayoijua. Ikiwa kifaa hakijazimika tangu kilipofunguliwa mara ya mwisho, na nakala ya akiba ilikuwa imewashwa, usiku huo unaweza kuokoa picha za mwezi mzima. Nywila ya akaunti isibadilishwe kabla ya hatua hii.

Hatua ya 3: Kuangalia nini kiko salama tayari. Kwa kutumia simu nyingine, mwenyewe aingie kwenye akaunti yake ya Google au ya Apple na kutazama picha, nambari za simu na nyaraka zilizohifadhiwa huko. Mara nyingi mtu hugundua kwamba vitu vingi alivyokuwa akivililia vipo.

Hatua ya 4: Kutoa memori kadi. Tableti nyingi za Android zina nafasi ya memori kadi. Kadi ikiwa imetumika kama hifadhi ya kuhamishika, picha zilizomo husomeka kwenye kifaa kingine. Ikiwa ilitayarishwa kuwa sehemu ya kumbukumbu ya ndani, haisomeki nje ya tableti hiyo, na haifai kukubali ombi la kuifomati. Laini ya simu pia itolewe na kuwekwa mahali salama.

AKAUNTI KWANZA, TABLETI BAADAYE

Watu wengi huumia hapa. Mtu anafuta tableti, inawaka vizuri, halafu inaomba barua pepe na nywila ambazo hajui. Sasa amepoteza vilivyomo, na tableti yenyewe haitumiki. Tangu toleo la Android 5.1 la mwaka 2015, tableti inayofutwa kwa nguvu bila kufunguliwa huomba akaunti ya Google iliyokuwemo. iPad nayo ina ulinzi kama huo. Kinga hii iliwekwa ili mwizi asinufaike, na haiwezi kumtofautisha mwizi na mwenye mali aliyesahau.

Kwa hiyo, kabla ya kufuta, mwenyewe ahakikishe kwa simu nyingine kwamba anaweza kuingia kwenye akaunti ile ile. Kama hata nywila ya akaunti imesahaulika, na usiku wa nakala ya akiba umepita, ndipo arejeshe akaunti kwa kuthibitisha kupitia nambari ya simu au barua pepe aliyoandikisha. Google hushauri jambo hili lifanywe kwa kifaa na mahali ambapo mtu amezoea kuingilia. Simu ya nyumbani Timbwani ina nafasi bora kuliko kompyuta ya saiba ng'ambo ya kivuko. Baada ya kubadilisha nywila ya Google, asubiri saa 24 kabla ya kuifuta tableti.

Shida kubwa zaidi ni laini iliyoachwa. Akaunti nyingi zilifunguliwa kwa nambari ya simu ambayo mwenyewe hana tena. Laini isiyotumika kwa miezi inaweza kupewa mtu mwingine, na ujumbe wa kuthibitisha akaunti ukamfikia mgeni. Kama laini imepotea tu, inaweza kurudishwa kwa kampuni ya simu kwa kutumia kitambulisho cha taifa. Kama imekwisha kupewa mtu mwingine, zitabaki njia nyingine za akaunti, kama vile barua pepe ya pili.

TABLETI ZA ANDROID

Matoleo ya zamani sana, Android 4.4 na kurudi nyuma, huonyesha maneno ya kusahau mchoro baada ya makosa kadhaa, na mtu huweza kufungua kwa nywila ya Google bila kupoteza kitu. Matoleo yaliyofuata hayana njia hiyo.

Baadhi ya tableti za Samsung huweza kufunguliwa kwa mbali kupitia akaunti ya Samsung, ikiwa mwenyewe aliruhusu jambo hilo mapema kwenye mipangilio. Hii huanza kujaribiwa kwa sababu haifuti kitu.

Yote yakishindikana, kuna njia mbili za kufuta. Ya kwanza ni kwa mbali: mwenyewe aingie kwa akaunti yake ya Google kwenye huduma ya kutafuta kifaa, achague tableti yake, kisha achague kufuta. Tableti lazima iwe imewaka na iwe na intaneti, kwa hiyo ibaki mahali ilipozoea kupata mtandao.

Njia ya pili ni ya vitufe. Tableti huzimwa, kisha kitufe cha kuwasha na cha kuongeza sauti hubonyezwa kwa pamoja hadi orodha ya maandishi itokee. Vifaa hutofautiana: vingine hutumia kitufe cha kupunguza sauti, na baadhi ya Samsung mpya hutaka waya uunganishwe kwenye kompyuta kwanza. Katika orodha hiyo huchaguliwa maneno "Wipe data/factory reset" kwa vitufe vya sauti, na kuthibitishwa kwa kitufe cha kuwasha. Chaji iwe ya kutosha kabla ya kuanza. Ikishawaka, huwekewa akaunti ile ile na nakala ya akiba hurudishwa.

TABLETI ZA iPad

iPad yenye iPadOS 15.2 au toleo la baadaye, iliyounganishwa na intaneti, huonyesha kwenye skrini ya kufuli chaguo la kuifuta baada ya makosa mengi. Mwenyewe huandika nywila ya akaunti yake ya Apple, tableti hujifuta, kisha hurudisha vitu kutoka nakala ya akiba.

Chaguo hilo lisipotokea, itahitajika kompyuta. iPad huzimwa. Kisha huunganishwa na kompyuta kwa waya huku kitufe kikiwa kimebonyezwa: kile cha duara chini ya skrini kwa iPad zilizo nacho, au kile cha juu kwa zisizo nacho. Kitufe hushikiliwa hadi picha ya waya na kompyuta itokee, na kwenye kompyuta huchaguliwa "Restore". Upakuaji ukizidi dakika 15, iPad hutoka kwenye hali hiyo na hatua hurudiwa. Kwa hiyo mtandao wa kasi unafaa kuliko bando la simu linalosuasua.

Mwenye iPad aliyepoteza akaunti lakini ana risiti ya ununuzi anaweza kuomba msaada wa Apple wa kuondoa kufuli la akaunti. Risiti ya dukani haitupwi.

TABLETI YA SHULE AU YA KAZI

Tableti ya shule hairudishwi kiwandani na mzazi wala na fundi wa mtaani. Ina masomo yaliyowekwa maalumu, na ikifutwa masomo hayo yanaweza kutoweka pamoja na nambari. Irudishwe kwa mwalimu anayesimamia vifaa. Vivyo hivyo kwa tableti ya ofisi. Pale ambapo kifaa kimeunganishwa na programu ya usimamizi, msimamizi anaweza kuondoa nambari kwa mbali bila kufuta kitu. Kisa cha San Bernardino kinaonyesha kwamba programu hiyo husaidia tu ikiwa imewekwa kabla ya tatizo kutokea. Shule, zahanati na vikundi vyenye tableti kadhaa vinafaa kuhakikisha jambo hilo mapema.

KWA FUNDI: LINALOFAA NA LISILOFAA

Mafundi wengi ni watu waaminifu na wana ujuzi wa vitufe, waya na kompyuta ambao mwenyewe hana. Linalofaa ni kumwomba msaada wa kufuta na kuwasha upya, mwenyewe akiwa amekaa pale pale. Lisilofaa ni kumwachia tableti pamoja na nywila ya akaunti. Akaunti hiyo ina barua pepe, picha za familia na pengine nyaraka za benki.

Mazungumzo ya dukani yanaweza kuwa kama haya:

"Mama, niachie tableti na nywila ya barua pepe yako. Kesho asubuhi utaipata wazi, na picha zako zote."

"Mwanangu, nywila sikupi. Hebu niambie kwanza: utaifuta au hutaifuta?"

"Lazima nifute, mama."

"Basi picha hazitakuwapo. Nimekwisha kuzitazama kwenye simu ya mwanangu, ziko kwenye akaunti. Futa nikiona, na ikifika pa kuandika nywila, nipe niandike mwenyewe."

Mteja huyo anajua anacholipia. Anayedai hatafuta kitu, anayetaka pesa zote mapema, au anayeomba ujumbe wa uthibitisho uliotumwa kwenye simu ya mteja, aepukwe. Ujumbe huo wa tarakimu chache ndio ufunguo wa akaunti. Mfanyakazi halali wa benki, kampuni ya simu au serikali hana sababu ya kuuomba.

TABLETI ILIYOTUMIKA

Tableti ya bei ya kutupa inayouzwa ikiwa "imefungwa kidogo tu" ni hasara inayonunuliwa. Mnunuzi amwombe muuzaji aifungue, aondoe akaunti yake kwenye mipangilio, aifute, kisha aiwashe mbele yake. Ikiwaka bila kuomba akaunti ya mtu, biashara iendelee, na risiti iandikwe pamoja na nambari ya IMEI au ya usajili iliyo nyuma ya kifaa au kwenye kisanduku.

Muuzaji asiyeweza kuifungua pengine si mwenyewe. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinamtia hatiani anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 nayo inakataza kuingia katika kifaa cha mtu bila ruhusa. Adhabu inaweza kufika faini ya shilingi milioni 5, kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Aliyeokota tableti iliyofungwa aipeleke kituo cha polisi. Aliyeibiwa aandikishe ripoti kwenye kitabu cha matukio na kuchukua nambari ya OB.

UKURASA MMOJA WA DAFTARI

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Tableti nayo ni mali. Kila nyumba iwe na ukurasa mmoja, katika daftari linalohifadhiwa pamoja na vyeti na si ndani ya kasha la tableti, wenye mambo haya:

1. Aina ya tableti na nambari yake ya IMEI au ya usajili.
2. Anwani ya barua pepe ya akaunti iliyomo.
3. Nambari ya simu na barua pepe ya pili za kurejesha akaunti, zikaguliwe kila laini inapobadilishwa.
4. Nambari ya siri, au dokezo ambalo mwenyewe tu anaweza kulielewa.
5. Tarehe ya mwisho nakala ya akiba ilipothibitishwa kuwapo.

Zaidi ya hayo, anayetumia kidole ajizoeze kuandika nambari yake angalau mara moja kwa wiki. Nambari mpya isiwekwe usiku wala kwa haraka. Risiti na kisanduku vihifadhiwe.

MASWALI YA KUJIPIMA

Swali la 1: Tableti ya mwenye duka bado inakubali kidole, lakini nambari imesahaulika. Chaji imebaki kidogo. Afanye nini kwanza?
Jibu: Aichomeke kwenye umeme isizimike, aifungue kwa kidole na anakili hesabu na picha zake mara moja.

Swali la 2: Kijana amebadilisha nywila ya Google asubuhi hii na anataka kuifuta tableti yake mchana. Je, ni sawa?
Jibu: La. Asubiri saa 24, la sivyo tableti inaweza kukataa akaunti yake baada ya kufutwa.

Swali la 3: Tableti ya shule imejifunga nyumbani kwa mwanafunzi. Jirani ni fundi na hatatoza kitu. Apelekewe?
Jibu: La. Irudishwe kwa mwalimu anayesimamia vifaa.

Swali la 4: Kwa nini nywila ya akaunti isibadilishwe kabla ya usiku wa nakala ya akiba?
Jibu: Tableti iliyofungwa haitaijua nywila mpya, na itashindwa kutuma nakala.

KAZI YA JUMA HILI

Kila mwenye tableti afanye jambo moja leo, kifaa kikiwa bado wazi: aingie kwenye mipangilio, atazame nambari ya simu iliyoandikishwa kurejesha akaunti yake, na aipigie. Ikilia mfukoni mwake au kwa mtu wa nyumbani anayemwamini, ni vyema. Ikipokewa na mtu asiyemjua, aibadilishe kabla jua halijatua.